Sidii ya Harusi Imekataa Kutoka

Kompyuta ya steshenari yetu hapa Uwemba ni ya wote. Mwalimu anachapa mitihani, katibu wa kwaya anatoa ratiba, wakulima wanaleta picha za viazi vyao kwenye flashi. Zile flashi ndizo zilizotuponza: virusi viligeuza mafaili yote kuwa shotikati, fundi akaja kutoka Makambako, akafuta kila kitu, akaweka Linux na kumpa kila mmoja akaunti yake.

Kwa alivyoipanga, mwenye ruhusa ya kupachika diski, yaani kuiunganisha na mfumo ili isomeke, alikuwa mkuu wa mfumo peke yake, anayeitwa root. Na root wetu anakaa Makambako. Ukija na flashi unampigia simu, naye anajibu, "Subirini nije." Neno la siri alikataa katakata kulitaja kwenye simu. Hapo namsifu, maana dukani masikio yote yalikuwa yamesimama.

Malalamiko yalipozidi, alikuja akafungua faili la /etc/fstab, akaongeza neno user kwenye mistari ya flashi na sidii. Sasa mtu wa kawaida anapachika mwenyewe, ila programu iliyomo kwenye diski hairuhusiwi kujiendesha. Virusi vibaki kushangaa tu. Fundi akanywa chai, akapanda gari.

Jumamosi moja ya Julai, baridi imetusukumia wote ndani ya duka, mama mmoja akaleta sidii ya harusi ya binti yake. Mwalimu akaipachika kwa akaunti yake, tukatazama, kisha akaitwa msibani. Akatoka kwenye akaunti, akazima simu, akaenda.

Tukabonyeza kitufe cha droo. Kimya. Sidii ikishapachikwa droo hujifunga, na chini ya neno user aliyeipachika ndiye wa kuipachua, yeye au root. Kijana mmoja akaomba bisibisi. Mzee mmoja akainama akaiambia mashine, "Kamwene," huenda ilikuwa inasubiri salamu. Kuizima? Mwenye duka aligoma: tangu Juni haijazimwa, kwa hofu kwamba kwa baridi hii haitawaka tena mpaka Septemba.

"Mama, vumilia kidogo."

"Kidogo kipi, mwanangu? Wakwe wanakuja kesho kuiangalia!"

Wakwe walikula, wakanywa, wakasimuliwa harusi kwa mdomo. Mama mwenyewe, baada ya misa, alipita kuijulia hali sidii yake.

Jumatatu fundi akafika, akaongeza herufi moja: user ikawa users. Yeyote sasa anaweza kupachua kilichopachikwa na mwenzake. Mama akakabidhiwa mali yake, na kwa furaha akaomba tuitazame tena kidogo, fundi naye aione.

Alasiri katibu wa kwaya akaja na sidii yake. Akajaribu kuipachua ile ya harusi kwa akaunti yake, mashine ikakataa: diski ina shughuli. Herufi ipo, ruhusa ipo, mwalimu yupo, root mwenyewe yupo na kikombe mkononi. Shughuli gani? Tukahamisha dirisha moja baada ya jingine, na nyuma ya mtihani wa Jiografia tukamkuta bwana harusi, bado analishwa keki.