Sifa Zako, Ewe Namba

Wengine na wasifiwe kwa hekima. Mimi nakusifu wewe, namba ya nasibu ya New York, usiyejua kusoma wala kuandika na bado unawapangia watoto shule.

Kila mwanafunzi wa darasa la nane anayeomba sekondari ya umma hupewa ya kwake: msururu wa tarakimu na herufi 32, kuanzia 0 hadi 9 na a hadi f. Mzazi mwenye shahada mbili hukodolea macho herufi mbili za mwanzo. Ikianza na 0, bibi anapigiwa simu usiku huohuo. Ikianza na f, chakula cha jioni hakiliki. Watu waliokimbia hesabu tangu utotoni leo wanahesabu kwa kumi na sita. Mwalimu gani amewahi kufaulu hivyo?

Kisha, hupokei chai. Huna mjomba, huulizi mtoto ni wa nani. Kabla ya 2003 wanafunzi wapatao 30,000 kwa mwaka walipelekwa shule ambazo hawakuziomba kabisa. Wakaitwa wachumi, Alvin Roth akiwemo (huyu 2012 akapata Nobeli), wakatunga kanuni ya kuoanisha chaguo za watoto na nafasi za shule. Familia inaorodhesha shule kwa kadiri inavyozipenda, bila ujanja, nawe unaitwa pale tu watoto wanapolingana na viti havitoshi. Yaani karibu kila shule inayopendwa.

Wenye wivu watasema baadhi ya shule hutangulia kuwachuja watoto kwa alama, na nyingine huanza na wakazi wa eneo lao, wewe ukaachiwa makombo. Ni kweli, mwenye uwezo wa kulipa pango la mtaa huo hukuamkia kwa adabu tu, akijua hamtakutana. Lakini hilo si kosa lako. Wewe hupangi kodi za nyumba.

Unaowadai shukrani nyingi zaidi ni wakubwa. Dawati hujaongeza hata moja, mwalimu hujaajiri, ila hasira iliyostahili kufika kwa meya inaishia kwako, nawe huna ofisi wala mlango wa kugongwa. Aliyekosa huandikwa kwenye orodha ya kusubiri, na foleni ya huko nayo unaipanga wewe.