Namna ya Kuishi kwa Ng'ombe Bila Ng'ombe Kukumaliza

Hatua ya kwanza: kabla hujanunua ng'ombe, nunua daftari. Mfugaji asiye na daftari hujua hasara yake siku anayouza shamba, na siku hiyo kalamu haimsaidii tena. Ng'ombe anakula umelipwa au hujalipwa, anakunywa pampu ikiwa nzima au imekufa, na Jumapili haijui. Nawaambia hivi kwa sababu nawapenda wafugaji, na nimechoka kuona vijana wakimaliza kiinua mgongo cha baba zao kwenye zizi.

Chukua mfano wa Kongwa, Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walikwenda kulima karanga pale kwa matrekta na mamilioni ya pauni. Mvua hazikufuata mpango wao, udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Leo pana Ranchi ya Kongwa ya NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi, inayojulikana kwa ng'ombe wake wa aina ya Boran. Kwa hiyo ardhi ile ng'ombe inamkubali. Isichokubali ni kupangiwa. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo unaishi kwa nyasi ulizojaliwa.

Sasa fungua daftari tupige hesabu. Bei nazitia mimi kwa mfano. Wewe weka za mnada wako.

Tuseme una majike 20 wa zebu. Usiandike ndama 20. Zebu wa malisho makavu hazai kila mwaka, kwa hiyo andika ndama 11. Wawili watakufa, wamebaki tisa, na kati yao madume ni kama wanne. Mitamba usiwaguse, ndio watakaoshika nafasi za mama zao. Dume mwenyewe utamngoja miaka mitatu au minne ndipo dalali amwangalie mara mbili. Kundi likishasimama vizuri, kwa mwaka utauza madume manne kwa milioni moja moja, na majike watatu waliozeeka kwa laki sita sita. Jumla ni 5,800,000.

Toa mchungaji, 150,000 kwa mwezi: 1,800,000 kwa mwaka, ugali wake bado. Kundi lote, pamoja na ndama wa rika zote, ni kama vichwa 50. Dawa ya kuogesha, ya minyoo, chanjo na chumvi, tuseme 24,000 kwa kichwa: 1,200,000. Maji na chakula cha kiangazi, 800,000. Lori, kibali cha kusafirisha na ushuru wa mnada, 400,000. Umebaki na 1,600,000. Gawanya kwa miezi 12 upate 133,000 na ushei.

Rudia kusoma hapo. Mchungaji wako anakuzidi mshahara, na yeye hana deni benki.

Usikate tamaa, maana hapa ndipo kazi inapoanza. Kwenye hesabu ile usianze kuhangaika na bei ya mnadani, hiyo huiwezi. Anza na wale ndama wawili waliokufa. Ndigana kali, muuaji wa ndama, huletwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha ndani ya sikio. Kila asubuhi, kabla kundi halijatoka, pita na mkono wako. Shika sikio, ligeuze, angalia. Kisha shusha vidole hadi kwenye tezi iliyo chini yake. Ikiwa imevimba, inateleza chini ya ngozi kama embe dogo bichi, na mwili una joto, mwite afisa mifugo saa ileile. Ukisema utampigia kesho, kesho utakuwa unachuna ngozi. Chanjo ya ndigana ipo, na bei yake ukiilinganisha na dume wa miaka minne utaona aibu kuwa ulisita. Josho nalo lisirukwe wiki hata moja kwa sababu ya harusi.

Jambo la pili ni siku ya kuuza, na hili lilinifundisha kwa fimbo. Mwaka mmoja nilikuwa na maksai sita, wamejaa, migongo imelala kama meza mwezi wa Mei. Jirani akaniambia, "Mwenzangu, uza." Nikamjibu waongeze kilo kidogo. Nyasi zikaisha Agosti, bwawa likawa tope Oktoba, na ada za shule hazikungoja. Novemba nikawapeleka mnadani mbavu zikihesabika. Dalali alimpapasa wa kwanza kwenye nundu, akashika shina la mkia, akanyamaza, kisha akataja bei ambayo mwezi wa Mei ningemfukuza kwayo. Nikaipokea. Kilo zile nilizozisubiri nilizilisha, nikazinywesha, halafu zikayeyuka jua likiziangalia.

Tangu hapo, wa kuuzwa wanatoka kabla ya Julai kwisha. Anayebaki hadi kiangazi kikali awe na sababu: ana mimba, au yumo kwenye kunenepesha. Kunenepesha kwenyewe ni kama miezi mitatu ya mashudu ya alizeti na pumba, na Dodoma mashudu hayapatikani kwa shida msimu wa kukamua. Nunua mashudu wakati huo, usingoje kila mtu ayatafute. Nyasi nazo kata na uzifunge zikiwa bado na rangi ya kijani.

Jike aliyekaa miaka miwili bila mimba muuze, hata kama ndiye uliyepewa na mjomba. Hili najua linauma. Kwetu ng'ombe ni mahari, ni matanga, ni jina la mtu, na mimi siwezi kumcheka anayehesabu heshima yake kwa vichwa. Ila mpe mjomba taarifa kwa adabu, mweleze kuwa fedha ya jike yule imenunua mtamba, umpeleke zizini akamwone.

Ukimaliza kuandika haya, acha kurasa mbili tupu mwishoni. Moja ni ya ukame, nyingine ya ada za shule. Kila dume akiuzwa, andika humo kiasi ulichoweka kando kabla hujafika nyumbani, ukiwa bado pale mnadani, vumbi likiwa mguuni.