Goma Imetekwa, ya Lini?

Shemeji yangu hana redio, hana televisheni, na gazeti husoma la mwenzake kwa kuchungulia begani. Lakini hapa Kigoma hakuna anayemfikia kwa habari za vita ya Kongo. Alfajiri, watu wanatafuta kandambili wakatawadhe, yeye keshatupia kwenye kundi la ukoo: M23 WAINGIA GOMA!!! Herufi kubwa mwanzo mwisho. Mama mkwe anapiga simu analia, maana ana mdogo wake kaolewa kule. Watoto wanaamka. Mimi napapasa miwani nisome tarehe.

Tarehe hakuna. Shemeji hukata picha ya gazeti kama kinyozi anayechonga panki: katikati kabakiza kichwa cha habari na wapiganaji, pembeni kote kafyeka. Ila kule chini, kwenye mstari uliomponyoka, pameandikwa "Rais Joseph Kabila". Kabila huyu huyu aliyetoka madarakani Januari 2019!

"Shemeji, hii habari ya zamani."

"Kwani ni uongo?"

Hapo ndipo anaponiweza. Si uongo. Waasi wa M23 waliingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, wakabanwa na viongozi wa Maziwa Makuu, wakatoka kabla wiki mbili hazijatimia. Mwishoni mwa Januari 2025 wakarudi, na safari hii hawakuonyesha dalili ya kuaga. Kamanda wao wa 2012 ni Sultani Makenga. Wa 2025? Sultani Makenga. Mwaka 2012 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba Rwanda inawasaidia, Kigali ikakana. Mwaka 2022 wakaandika tena, Kigali ikakana tena. Mhariri mvivu angeweza kuutoa ukurasa ule kabatini, akamfuta Kabila, akamweka Tshisekedi aliyempokea kiti, kisha akaenda zake kulala.

Ubaya ni pale shemeji anapotaka kutufurahisha. Februari 2025 alitupia nyingine: majeshi yetu yamewafurusha M23. Vigelegele vikapigwa hadi jirani wakauliza nani kaposwa. Ni kweli yaliwafurusha, lakini mwaka 2013, wakati wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walipokuwa katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwezi ule tuliokuwa tunapiga vigelegele, marais wa Afrika Mashariki na wa kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam tarehe 8 wakataka mapigano yasimame. Wiki moja baadaye Bukavu ilikuwa mikononi mwa M23.

Usidhani upande wa pili nina nafuu. Kijiweni tunaye kijana wa chuo ambaye habari ikipita saa moja kwake ni maiti. "Mzee, vita inabadilika kila dakika, gazeti la juzi la nini?" Tarehe 4 Desemba 2025 Tshisekedi na Kagame wa Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington, mbele ya Trump. Kijana akasimama kwenye benchi kututangazia kwamba vita imekwisha, akatuagizia kahawa na kashata wote. Kabla hajamaliza kulipa lile deni, mji wa Uvira ukaanguka mikononi mwa M23. Angalau yeye alitununulia kitu. Shemeji hutugawia presha tu.

Kijana angekuwa na subira ya kusoma makaratasi ya zamani, pesa yake ingebaki mfukoni. Angekutana na mkataba wa Lusaka wa Julai 1999, wa Pretoria wa 2002, wa Addis Ababa wa Februari 2013, matamko ya Nairobi ya Desemba 2013. Angegundua kwamba hiyo M23 yenyewe imepata jina kutokana na mkataba wa amani, ule wa tarehe 23 Machi 2009, wanaodai haukutekelezwa. Vita hii ina mikataba mingi kuliko barabara za lami, na kila mmoja ulipotiwa saini magazeti yalichapa picha ileile ya watu wazima wakishikana mikono na kutabasamu.

Aliyenipatanisha na hawa wawili, bila kujua, ni dada mmoja hapa bandarini anayevusha unga kwa boti kupeleka Uvira. Asubuhi moja alinifuata na magunia yamepangwa: "Kaka, wewe unasoma soma. Nipakie au nisipakie?" Nikamwambia akamuulize nahodha aliyefika usiku ule, simu ya shemeji asiiguse hata kwa kijiti. Nani kashika gati, nani anatoza ushuru, risasi zinalia wapi: habari hizo zikilala zimechacha.

Jioni akarudi na swali jingine. Kuna mtu anamuuzia duka kule kule Uvira, kwa bei ya kutupa, aweke pesa zake zote? Nahodha hapo hana msaada. M23 waliingia Uvira tarehe 10 Desemba 2025, na baada ya siku chache tu wakatangaza kwamba wanaondoka, kwa ombi la Marekani. Ukiwa na habari ya siku hiyo peke yake utasema mambo yametulia, toa hela. Ukiwa na gazeti la 2012 la Goma, utauliza kwanza: waliotoka kule walikwenda wapi, na walirudi lini? Nikampa bunda la magazeti, akasoma, akabaki na pesa yake na boti yake.

Basi nikapitisha sheria kijiweni: habari yoyote inaruhusiwa, hata ya enzi za Mobutu, mradi msemaji ataje siku, mwezi na mwaka kabla hajafungua mdomo. Niliamini shemeji atanyamaza milele. Wapi! Kesho yake alisimama, akakohoa, akasema, "Tarehe 20 Novemba 2012, Goma," akaanza kusoma taratibu kama kadhi. Watu wakasogeza mabenchi. Kijana wa chuo, ambaye gazeti la juzi alilikataa, akawa wa kwanza kuuliza, "Halafu ikawaje?"

Sasa shemeji ana wasikilizaji kila jioni, na msomaji hawezi kuachwa koo limkauke, kwa hiyo kahawa yake inaandikwa kwa jina la aliyetunga sheria. Jana kaanza na Lusaka, 1999. Kwa idadi ya mikataba iliyobaki njiani, akifika ule wa Doha wa 2025 nitakuwa nimeuza baiskeli.