Toni Ziko Tatu

Mwongozo wa fasihi huwa na uhakika ambao hata mtunzi hana. Ufungue kwenye Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia iliyotahiniwa KCSE kwa miaka kadhaa: Majoka, mtawala, ni katili, mbinafsi, mwenye tamaa. Basi. Hata angetoa shikamoo, mwanafunzi angeandika kwamba huo nao ni ukatili.

Toni nazo, kwa kadiri nionavyo, ziko tatu: ya huzuni pale mhusika anapolia, ya furaha pale anapocheka, na ya kejeli pale mwanafunzi asipoelewa kinachoendelea.

Chukua ile keki ya uhuru ambayo Kenga, mshauri wa Majoka, anawapelekea wachonga vinyago. Sudi, mmoja wao, anaikataa, ana msimamo thabiti, alama moja. Na anayeila je? Anaila kwa njaa, kwa woga, kwa mazoea, au kwa sababu keki ni keki? Hapo mwongozo una haraka, umeshavuka hadi kwenye maudhui ya uongozi mbaya. Kijana ambaye nyumbani kwao wamekula pilau ya mgombea wasiyenuia kumpigia kura, na kumsifia mpishi juu yake, anajua jibu refu la swali hilo. Anaandika "kibaraka" na kuruka mstari.

Mtahini tusimlaumu. Ana lundo la karatasi na mwongozo wake mwingine, wa kusahihishia, na humo jibu la "inategemea alivyolisema" halina hata nusu alama.