Bata Mzinga Asiyekwenda Ukweni

St. Paul, Minnesota
Mwezi wa Machi

Kwa Mjomba wangu mpenzi aliyeko Butiama; na kwa Mama Mkubwa wa Bunda, ambaye najua atasomewa barua hii kwa sauti; na kwa wadogo zangu wa Mwisenge, Musoma, ambao bila shaka wataifungua kabla haijawafikia wenyewe:

Baada ya kuwaarifu kwamba kazi yangu ya kuwatunza wazee wa Kimarekani ingali inanipa riziki, napenda kulijibu swali ambalo Mjomba aliniuliza katika simu kwa sauti ya mtu aombaye asipewe jibu, yaani kama ni kweli kwamba mwezi ujao nitaingia katika pori la serikali, na bunduki mkononi, mchana kweupe, kwa nia ya kuwinda. Ni kweli, Mjomba. Na serikali inajua.

Kwetu, mtu atamkaye maneno hayo huwa na hali mbili tu: ama ni mgeni tajiri aliyeshuka na ndege yake ndogo, mwenye kibali, mwongozaji, na mpishi wa kumkaangia alichokiua, ama ni mtu ambaye mkewe ameanza kuuza mbuzi mapema ili faini isimkute mikono mitupu. Ni haki kusema kwamba sheria inamtambua na raia wa kawaida kuwa aweza kukata leseni, lakini katika watu niliokua nao kati ya lango la Ndabaka na ziwa sikupata kumjua hata mmoja aliyekuwa nayo. Sisi tuliozaliwa upande wa magharibi wa Serengeti tulifundishwa tangu utoto kwamba nyumbu ni wa taifa. Hifadhi ikatangazwa mwaka 1951, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakafuata mwaka 1994, na taifa hilo lenye nyumbu halikupata kumjumuisha mtu mwenye njaa ya kitoweo. Mama Mkubwa, ambaye ujuzi wake wote wa wanyamapori ni kupiga debe usiku wa manane ili tembo aihurumie mahindi yake, atastaajabu kusikia kwamba iko nchi ambayo mtu ndiye amfuataye mnyama.

Huku kuna kitu kiitwacho ardhi ya umma, na ajabu yake ni kwamba umma unaruhusiwa kuikanyaga. Kusini mashariki mwa jimbo hili, kwenye mabonde yanayoshuka hadi mto Mississippi, kuna eneo moja la wanyamapori liitwalo Whitewater, lenye ekari zaidi ya 27,000, ambalo halina geti wala mlinzi wa kuuliza unatoka kwa nani. Leseni ya kuwinda bata mzinga, ndege ninayemfuata mimi, kwa mkazi wa jimbo haifiki dola thelathini. Fauka ya hayo, tangu mwaka 1937 iko sheria inayoelekeza kodi inayotozwa katika bei ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, irudi kwa wanyama na makazi yao, hata mtu akinunua risasi akakosa shabaha huwa amemfadhili ndege aliyemkosa. Kwa hesabu hiyo, mimi natarajia kuwa mfadhili mkubwa.

Na katika tarehe zenyewe kuna jambo ambalo wewe, Mjomba, uliyekuwa kijana katika enzi ya Mwalimu Nyerere, utalipenda. Mwaka 1973 serikali ya Mwalimu ilipiga marufuku uwindaji katika Tanzania nzima. Na mwaka huo huo wa 1973 Minnesota, ambako bata mzinga wa porini walikuwa wamekwisha kutoweka tangu karne iliyotangulia kwa kupigwa na kwa kukatiwa misitu, ilileta ndege 29 kutoka jimbo la Missouri, ikawaachia katika vilima vya wilaya ya Houston. Mwaka 1978 marufuku ya kwetu ikaondolewa, na uwindaji wa kitalii ukawekwa mikononi mwa TAWICO, shirika la serikali la wanyamapori. Na mwaka huo huo wa 1978 Minnesota ikafungua msimu wake wa kwanza wa bata mzinga, na waliopatikana hawakufika hata mia. Ungedhani marais na magavana walikuwa wakiandikiana barua. Ila kwetu mlango ulipofunguliwa alipita mtalii, na huku akapita fundi bomba, na dereva wa basi, na mwalimu wa shule, na sasa, Mungu akijalia, mtunza wazee kutoka Butiama. Sisemi nani alikuwa na haki, kwa kuwa Mwalimu alikuwa na tembo na faru wa kuwaokoa, na hawa walikuwa na bata tu.

Huyo bata, basi, msimdharau. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa hili, alipokuwa akikaa Ufaransa mwaka 1784, alimwandikia binti yake nyumbani kwamba bata mzinga ni ndege wa heshima kuliko tai, ijapokuwa ana majivuno na upumbavu kidogo. Nami nimefarijika kujua kwamba si mimi wa kwanza kukaa nchi ya watu na kuwajaza jamaa zangu habari za ndege. Dume lililokomaa lina uzito wa kilo nane hadi kumi na moja, na hulala juu ya mti licha ya uzito huo. Pua yake si kitu, lakini jicho lake huona karibu pande zote kwa mara moja, na ukimpepesea ukope amekwisha kuondoka.

Sasa nifikie kiini cha jambo, na hapa namwomba mdogo wangu anayesoma apunguze sauti kama wakwe wapo.

Uwindaji wa majira haya, theluji inapoyeyuka na miti kuanza kuchipua, umejengwa juu ya mapenzi. Alfajiri dume huamka mtini, akapiga ukelele mfano wa debe la kokoto linaloporomoka ngazini, na majike yote yaliyo bondeni yakiusikia humfuata yeye alipo. Ndivyo walivyoumbwa: bwana hukaa, mabibi huenda. Mwindaji hujificha chini ya mti akalia kama jike, akimtaka bwana ageuze desturi ya baba zake, ashuke, aje yeye mwenyewe. Kwa maneno mengine, Mjomba, kazi yangu yote ni kumfundisha bata wa Minnesota adabu za Mara: kwamba mwanamume mwenye nia njema hakai mtini akingoja aletewe mke, bali hutafuta mshenga, huinuka, na huenda ukweni kwa miguu yake. Nakiri kwamba ukweni huku hakuna mazungumzo ya ng'ombe, wala posa haifiki jioni.

Mwalimu wangu katika elimu hii ni mzee mmoja, jirani yetu, ambaye mwaka mzima huongea kwa uchache kama anayelipia maneno, lakini bata mzinga akitajwa hugeuka khatibu. Yeye ndiye ataniazima shotigani, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba dume lenye umri na maarifa hufika hatua sitini au sabini, nje kidogo ya shabaha, likasimama, likatandaza mkia, likangoja bibi naye ajitokeze nusu ya njia. Asipojitokeza, huondoka bila kuaga. Nikamuuliza kwa nini asiitwe kwa nguvu zaidi. Akanijibu kwamba bibi anayeita mno hushukiwa. Hekima hiyo Mama Mkubwa amekuwa akiwapa mabinti wa Bunda miaka yote bila ya kuwahi kumwona bata mzinga.

Vyombo vya kuitia viko vya aina tatu: kijisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa kwa chaki, kibao cha jiwe na kijiti chake, na kijipande cha mpira kinachowekwa chini ya kaakaa, ambacho mzee hukisifu kwa kuwa huacha mikono huru, nami hunifanya nitokwe na mate na machozi kwa pamoja. Nafanya mazoezi chumbani nitokapo kazini. Jioni moja mama wa Kisomali anayekaa chini yangu alipanda ngazi, akabisha hodi kwa upole, akaniuliza kama ninafuga kuku, na kama ninawafuga, ni nani anayewachinja na kwa utaratibu gani. Nilipomweleza kwamba mimi ndimi kuku, alinitazama kwa muda, akaniombea dua, akashuka.

Hilo ningelistahimili. Lililonitia mashaka ni bundi. Kwa kuwa dume aliyelala mtini hukasirishwa na sauti ya ghafla akajibu bila kufikiri, wawindaji huenda porini jioni ya kuamkia siku yenyewe wakalia kama bundi, na dume akijibu huwa amejitangazia mti anaolala. Mzee akalia mbele yangu ili nijifunze. Akalia vizuri mno. Mjomba, wewe unajua kwetu mtu anayetoka usiku, peke yake, akaenda kusimama msituni na kulia kama bundi, huwa habari zake hazipelekwi kwa askari wanyamapori, bali kwa wazee wa kijiji, na kikao hakichukui muda. Nimemwambia mzee kwamba tutagawana kazi: ya bi harusi niachie mimi, ya bundi aifanye yeye, ambaye nyumbani kwao hakuna atakayemhama.

Kuhusu mavazi, napenda habari hizi zisimfikie kaka yangu mshabiki wa Yanga, ingawa najua zitamfikia kabla ya barua. Kichwa cha dume wakati wa mapenzi hugeuka rangi nyekundu, nyeupe na buluu, ambazo ndizo rangi za bendera ya nchi hii. Kwa sababu hiyo mwindaji huaswa asivae hata soksi ya rangi hizo, asije mwenzake akaziona kichakani na kuzidhania bata. Jezi yangu ya Simba, niliyoivaa katika baridi ya nchi hii kama hirizi, imeondolewa katika mizigo. Mzee alipekua sanduku langu, akaridhia nguo moja tu kuwa salama, nayo ni fulana ya kijani niliyopewa na kaka huyo kwa kunikejeli nilipokuwa naondoka.

Kadhalika kuna kijitabu cha kanuni. Aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 hapewi leseni mpaka awe na cheti cha usalama wa silaha, hivyo nilikaa darasani na watoto wa miaka kumi na miwili, ambao mmoja wao alinionya kwa adabu kwamba nimeelekeza mtutu kwa mwalimu. Nao ulikuwa mtutu wa mbao. Msimu umegawanywa kwa herufi, A hadi F, na mwenye bunduki aghalabu huchagua kipindi chake. Mimi nimechagua kipindi cha katikati, kwa kuwa cha kwanza chaweza kuwa na theluji na cha mwisho kina mbu, na vyote viwili nimekwisha kuvijua. Kupiga risasi huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Anayeruhusiwa ni ndege mmoja, mwenye ndevu, na ndevu zenyewe ni shada la singa linaloning'inia kifuani. Sheria haiulizi dume au jike, huuliza ndevu, kwa kuwa majike machache nayo huota. Katika ukoo wetu ni Babu peke yake ambaye angekuwa hatarini. Akishapatikana, ndege husajiliwa kabla ya kuisha saa 24, jambo ambalo kwetu hufanyiwa watoto, tena si wote.

Na kwa kuwa ardhi ni ya umma, wengine nao watakuwepo. Adabu ya hapa ni kwamba ukikuta gari limeegeshwa mahali ulipopanga, geuza, umwachie aliyetangulia. Ndiyo maana mzee amechora ramani yenye mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu, na pa nne ambapo anasema hapana bata lakini pana mandhari. Tena, ukisikia jike likilia ng'ambo ya kilima, usilinyatie kamwe, maana aghalabu ni mwanamume mwenzio mwenye kijisanduku. Imewahi kuwa, kwa maneno ya mzee, wawindaji wawili wakaitana asubuhi nzima, kila mmoja akiwa bi harusi, na bwana harusi amelala zake mtini akiwasikiliza.

Yaliyobaki ni mgawanyo, ambao nauandika mapema ili usilete ugomvi. Kidari kitabaki kwangu. Paja la kulia ni la mzee, kwa ajili ya bunduki na bundi. La kushoto nilimwahidi mama wa chini, lakini amenijulisha kwamba ndege aliyefia kwenye shabaha bila kutajiwa Mola hampiti kooni, akapendekeza kuku wa dukani badala yake, nami nimekubali. Fungu la Mjomba, ambalo kwa desturi haliwezi kurukwa, haliwezi pia kusafiri hadi Butiama bila kuharibika, kwa hiyo litageuzwa shilingi na kutumwa kwa simu. Na kwa kuwa nakujua, Mjomba, nimemwomba mzee alete mizani, na picha ya mshale wake nitakutumia pamoja na fedha.

Wasalaam,
mpwa wako.