Penye Miti Hapana Wajenzi

Kijana wa Marekani hulipa maelfu ya dola akajifunze Kiayalandi huko Connemara, magharibi mwa Ayalandi. Muhula mmoja tu, kisha hurudi kwao na sweta la sufu na salamu za babu wa babu yake.

Wenyeji je? Katiba yao ya 1937 inakiita lugha rasmi ya kwanza, na watoto wanakisoma miaka yote ya shule. Katika sensa ya 2022, watu wapatao milioni 1.87 walisema wanakijua; wanaokizungumza kila siku nje ya shule hawakufika 72,000.

Basi mgeni akiagiza chai kwa Kiayalandi mjini Dublin, asishangae mhudumu akimpongeza sana, kwa Kiingereza.