Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni ya Chipu za Waifai

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Kwa heshima na taadhima, naomba radhi kukukatiza katika majukumu yako mazito. Mimi ni fundi kompyuta. Kwanza nikushukuru, tena kwa moyo mkunjufu: chipu zako ni imara. Zinatufikia ndani ya laptopu za mtumba zilizokwisha tumika Ulaya miaka mingi, na bado zinashika waifai vizuri.

Lililonileta mbele yako ni moja. Mteja anasasisha Ubuntu usiku, asubuhi anakuta mitandao yote imetoweka. Naandika rfkill list, naona Bluetooth peke yake. Nafungua dmesg, nakuta mstari usemao famuwea, yaani programu ndogo inayoiendesha chipu, imeshindwa kupakiwa, error -2. Maana ya namba hiyo, Mheshimiwa, ni kwamba faili halipo. Chipu ni nzima, antena ni nzima, kilichokosekana ni faili dogo ambalo kampuni yako inalo.

Kwa ridhaa yako, nieleze tatizo hili linavyotokea. Kwa baadhi ya chipu za zamani, leseni hairuhusu famuwea igawiwe pamoja na mfumo, hivyo kifurushi cha kuisakinisha hulazimika kwenda kuishusha mtandaoni. Anayetafuta intaneti anatakiwa awe nayo kwanza! Kwa chipu nyingine shida ni draiva: haina budi kuundwa upya kila keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, inapoingia, na isipoendana nayo, uundaji hukwama na mashine huwaka bila waifai.

Sisi mafundi tunazo njia zetu. Tatizo likiwa la draiva, tunachagua keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB mashine inapowaka, na mara nyingi waifai hurudi. Likiwa la famuwea, tunachomeka simu kwa waya wa USB, na bando la mteja ndilo linaloishusha. Lakini yuko mwanafunzi aliye mbali na fundi, laptopu yake nyembamba haina hata tundu la waya wa mtandao, na kazi ya chuo inatakiwa leo. Huyo ndiye anayenikosesha usingizi, na ndiye ninayemwombea kwako.

Naomba kwa unyenyekevu mkubwa uruhusu famuwea hizo zigawiwe bure, bila kubadilishwa hata herufi. Siombi siri za kiwandani. Watu wanaounda mfumo wa Debian walipiga kura mwaka 2022 wakakubali famuwea zisizo huru ziingie kwenye diski rasmi ya usakinishaji, na toleo la 12, la Juni 2023, lilitoka nazo. Hata hivyo, wanaweza kuweka zile tu ambazo wamiliki wake wameruhusu zigawiwe. Kwa hiyo neno limebaki kwako.

Kama hilo halitakulemea, naomba pia draiva zako ziingizwe ndani ya keneli yenyewe, zikatunzwe humo pamoja nayo. Septemba 2010 kampuni ya Broadcom ilitoa draiva huria kwa baadhi ya chipu zake, na draiva hiyo ikaingia humo. Naamini kampuni yako nayo inaliweza.

Kwa famuwea, ukurasa mmoja wa leseni wenye saini yako unatosha. Nakutakia afya njema wewe na wahandisi wako.

Wako mtiifu,
Fundi kompyuta